Kikohozi cha Babu Kwenye Kona ya Migomba

Khoo. Khoo-khoo. Kimya kidogo, halafu hmmm ndefu, kama ya mzee wa kanisa anayejiandaa kusoma matangazo. Ndivyo alivyokohoa babu yangu mzaa baba kila jioni alipofika kwenye kona ya migomba, juu ya nyumba yetu kule Kyimo. Nimesahau mengi, rafiki yangu. Hesabu za shule nimesahau, na wimbo niliouimba na kwaya ya watoto mbele ya kanisa zima nimebaki na mstari mmoja tu. Lakini kikohozi kile, uniamshe saa yoyote, nitakukoholea bila kukosea hata pumzi.

Juzi kimeniaibisha mjini. Mimi nashona nguo kwenye kibaraza karibu na soko la Tukuyu, na siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti nampimia mama mmoja upindo wa gauni, pini zimenijaa mdomoni. Likapita gari la matangazo, spika juu. Kabla halijasema neno, likakohoa. Kikohozi cha mwanamume mtu mzima, kizito, mara moja, halafu mara mbili. Mimi huyo! Nimeshainuka, nimeshashika futi yangu, niko nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Ndipo spika ikaendelea kwa sauti ya dada mwenye furaha zake: ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

"Wee dada, unakimbia tangazo?" akauliza fundi mwenzangu. "Au mle kwenye gari kuna mchumba uliyemtoroka?"

Wakacheka hadi mteja akachomwa na pini. Na mimi nikacheka, maana mimi kucheka hakunipi shida. Lakini nilirudi kwenye cherehani nimeudhika, na hadi sasa ninavyoandika bado nimeudhika. Kwa sababu kikohozi kama hichohicho cha tangazo ndicho kilichotuharibia jioni zetu nyumbani, na katika habari yote ile hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye nia mbaya. Hapo ndipo panaponichosha. Angekuwepo mbaya mmoja, ningemchukia nikapumzika.

Ngoja nikueleze kwanza desturi yenyewe, maana kama wewe si wa kwetu utatuona watu wa ajabu. Kwetu Unyakyusa, hasa kwa wazee, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hatamki jina lake, na akisikia anakuja anampisha. Tunaita ukutila. Ukiuliza haraka utaambiwa ni kuogopa, lakini si kama kumwogopa nyoka. Ni heshima, ila inapita mlango wa nyuma.

Bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo babu alikula kwa wanawe. Alikuwa na wana watatu wameoa, nyumba zetu zimepangana mteremko mmoja, na yeye nyumba yake juu kabisa, karibu na mashamba ya chai. Ilipofika jioni aliteremka. Angepita kwa baba mkubwa akasalimia wajukuu, angepita kwa baba mdogo, kisha akamalizia kwetu, maana kwetu ndiko alikokula. Wake wa baba mkubwa na baba mdogo walisema mama aliwaroga wanaume kwa ndizi zake. Mimi nasema alizipika tu kwa subira: ndizi mbichi na maharage mapya, moto mdogo, na parachichi likikatwa mwishoni kabisa ili lisipondeke. Ukinusa harufu ile huku mvua inapiga bati na ukungu umeshuka hadi kwenye zizi, hukuhitaji kuambiwa uoshe miguu uingie ndani.

Sasa njia ya babu ilishuka, ikapinda kwenye migomba, halafu ikaangukia moja kwa moja uwanjani kwetu. Bila onyo mama angekutwa pale pale, kichwa wazi, mikono ina majivu. Ndiyo kazi ya kikohozi. Babu alifika kwenye kona, akasimama, akakohoa, akasubiri. Mama alichukua kanga yake na mwiko wake, akazunguka nyuma ya jiko. Babu alipotokea, uwanja ulikuwa na sisi watoto tu na kigoda chake.

Usidhani hawakuongea. Waliongea kuliko watu wengi ninaowajua walioketi sofa moja. Mama yuko nyuma ya ukuta wa jiko, babu yuko mbele yake, na mimi nimesimama katikati kama mnara wa simu.

"Mjukuu wangu," babu angesema kwa sauti ya kusikika hadi bondeni, "muulize mama yako, ng'ombe amekula?"

"Mama, babu anauliza ng'ombe amekula?"

"Mwambie babu yako amekula matete, na maziwa yake yako kwenye kibuyu."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia, nimesikia. Mwambie ndaga."

Ndaga ni asante, na mama alikuwa ameshatabasamu kabla sijaifikisha. Wote walikuwa wamesikia kila kitu! Mimi nilikuwa nachoka, nakuambia ukweli, nilitamani siku moja waruke hatua. Lakini ule ulikuwa utaratibu, na utaratibu ulikuwa na utamu wake. Na mama alijua habari za babu kutoka kwenye kikohozi peke yake. Angekohoa babu kule juu, mama angesema huku akiokota kanga, "Leo amelowa, sogezeni kigoda motoni." Au, "Leo ana hasira na mtu, msimsumbue na hadithi." Hakukosea. Hajawahi kumtazama usoni mzee yule, lakini alimjua kuliko mwanawe wa kumzaa.

Halafu baba akanunua redio.

Mimi niliipenda redio ile hadi nikawa mgonjwa. Iliwekwa kwenye dirisha la jiko ili mama asikilize akipika, na mimi nilikaa chini yake na gunzi la hindi mkononi, nikitangaza habari za kuku. Nilijua nikikua nitakaa humo ndani na kusema "habari za jioni msikilizaji" kwa nchi nzima. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nchi nzima bado inanisubiri, lakini gunzi nalikumbuka.

Basi jioni moja, mama anakoroga sufuria, redio ikakohoa. Khoo. Khoo-khoo. Mama alitoka mle jikoni na mwiko mkononi, akateleza kwenye tope, akaangukia nyuma ya jiko kwa magoti yote mawili, akatulia hapo. Sisi tukatazama konani. Hakuna mtu. Redio ikasema: ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi.

"Ni redio, mama!"

"Redio?" akasema kule nyuma. "Redio imeoa wapi mpaka inikoholee?"

Tulicheka hadi ndizi zikashika chini. Lakini tangazo halikuwa la siku moja. Lilikohoa asubuhi, likakohoa jioni, na siku zote kwa yule mwanamume mmoja aliyekohoa kana kwamba babu yangu ndiye aliyemfundisha. Na mama, mwanadamu yule, akachoka kukimbia. Ikawa akisikia kikohozi anaendelea kukoroga, anasema, "Hiyo redio hiyo."

Unajua kilichofuata. Jioni moja mama alikuwa uwanjani anatwanga karanga, kichwa wazi, kanga imefungwa kifuani, anaimba. Babu akakohoa konani. Mama akatwanga. Babu akasubiri kama kawaida yake, akajua ameshapishwa, akashuka.

Hata leo nikikumbuka nafumba macho. Mama aliinua uso, akamwona. Alichuchumaa palepale, akanyakua ungo akajifunika nao kichwa na mabega, karanga zikamwagika zote, kuku wakafanya sikukuu. Babu aligeuza uso haraka kuelekea zizini, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza, akamweleza ng'ombe.

"Ng'ombe wewe," alisema, "nimekohoa. Mungu anaona nimekohoa."

Akapanda mlima bila kula. Mama alilia usiku ule kama aliyefiwa. Asubuhi akamwambia baba, "Chagua, redio au baba yako." Baba akaihamishia redio ndani, na jioni ikawa haifunguliwi. Bibi jirani, mjane mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu bibi, akaenda juu kumwomba babu msamaha kwa niaba ya mama, na mambo yakatulia. Tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza.

Zahanati yetu ilikuwa imepata nesi mgeni, dada wa Tanga, mnene, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa sindano. Watoto tulimpenda. Alikuwa amepanga chumba kwa bibi jirani, na jioni alipenda kutembea kupunga upepo, ingawa upepo wetu ulimfanya avae masweta mawili. Katika kutembea kwake akamsikia mzee mmoja anakohoa kwenye kona ya nyumba ya kwanza. Baadaye akamsikia anakohoa kwenye nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Kesho yake hivyohivyo. Kesho kutwa hivyohivyo. Sasa niambie wewe, nesi aliyesomea kazi yake, ambaye ukuta wa ofisi yake una bango la mtu anayekohoa, afikirie nini? Akafikiria kilicho wazi kwake: mzee huyu ni mgonjwa wa kifua kikuu na anazunguka kwenye nyumba zenye watoto.

Akaja kwetu jioni moja babu akiwa kwenye kigoda chake. Mama yuko nyuma ya jiko. Nesi amejifunga mtandio puani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," babu akajibu, akitazama mashamba ya chai. Nesi alikuwa rika la wakwe zake, kwa hiyo hakumtazama. Nesi yeye akaona mzee hana nguvu hata ya kugeuza shingo.

"Babu, nakusikia unakohoa."

"Ndiyo," akasema babu kwa fahari kidogo. "Nakohoa vizuri."

"Ulianza lini?"

"Tangu mwanangu wa kwanza alipooa."

Nesi akanitazama, kana kwamba nimtafsirie Kiswahili kwa Kiswahili. "Huyo mwanao wa kwanza ana watoto?"

"Mkubwa wake ameshapata kipaimara."

"Mungu wangu! Na kinakubana zaidi wakati gani?"

"Jioni. Nikienda kula."

"Na usiku?"

"Usiku nalala peke yangu," babu akasema, naye sasa ameanza kumwonea huruma dada wa watu, "nimkoholee nani?"

Nyuma ya ukuta nilisikia mama anajiziba mdomo na kanga. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi kama maji ya kisima, nikamwambia nesi, "Babu anapiga hodi."

"Hodi husemwa, mwanangu. Si ana mdomo?"

Nikaonyesha kona kwa kidole. Leo jibu ninalo, na nimechelewa. Hodi inataka ijibiwe karibu, na mama hawezi kumpazia sauti baba mkwe wake kumwambia karibu. Kikohozi hakiombi jibu. Kinasema tu, nakuja, nakuheshimu, jipishe. Lakini nani angesema hayo? Mimi nilikuwa mtoto. Mama hawezi kumsimulia mgeni habari za babu, babu mwenyewe akisikia. Babu hawezi kukaa na binti wa watu asiyemjua akaanza kumsimulia habari za wakwe zake. Kwa hiyo tulikuwa pale watu wanne tunaojua lugha moja, na ukweli umekaa katikati yetu kama chungu cha moto, hakuna wa kukishika.

Nesi akatoa mfukoni kikopo kidogo chenye kifuniko. "Babu, kesho ukiamka, kabla hujala, ukohoe humu, halafu uniletee."

Babu alikipokea, akakigeuza, akachungulia ndani. "Nikohoe ndani ya kikopo?" akauliza polepole. "Na humo kuna mkamwana wa nani?"

Hapo kicheko kilituishia. Nesi hakuelewa swali, akadhani homa imempanda kichwani. Babu alielewa jambo moja tu, kwamba kikohozi chake, kile alichokuwa akikitoa kwa uangalifu miaka yote ili asimwaibishe mke wa mwanawe, kimeitwa uchafu wa kutemwa kwenye kikopo. Alikiweka kikopo juu ya kigoda, akaondoka.

Na maneno yakatembea. Si nesi aliyeyatembeza, sitamsingizia. Lakini uwanja wetu haukuwa na mlango, na redio ilikuwa imeshawafundisha watu wote somo. Jumapili babu alikaa kwenye benchi lake kanisani, na benchi likawa refu. Kwenye pombe ya wazee, ambako kikombe kimoja huzunguka mikono yote, akatengewa chake, cha plastiki, chekundu. Wake wa baba mkubwa na baba mdogo wakawaita watoto ndani aliposikika kwa mbali. Watu wale wale waliokua wakikisikia kikohozi hicho! Waliokuwa wanakijua ni cha nini, kabla redio haijawaambia ni cha nini! Hilo ndilo silielewi mpaka kesho. Mgeni hakujua, tumsamehe. Wenyeji tulisahau kwa mwezi mmoja.

Baba alipanda kumsihi. "Baba, nenda ukapime yaishe."

"Nipimwe heshima?" babu akajibu. "Basi. Kama kukohoa ni ugonjwa, nitanyamaza."

Kwanza alijaribu kupiga mluzi wa wimbo wa kanisa pale konani. Haikusaidia, kwa sababu kila mtu aliyetoka mazoezi ya kwaya alipita njia ile na mluzi uleule, na mama alishinda jioni nzima anakimbilia nyuma ya jiko kuwapisha vijana wa sauti ya tatu. Basi babu akaacha kuja kabisa. Asingeweza kuja bila kukohoa, angemkuta mama. Na kukohoa hakutaki tena. Kwa hiyo akakaa juu kwake peke yake, na sisi tukawa tunampelekea chakula. Unajua mvua ya Rungwe. Unafunika bakuli kwa jani la mgomba, unapanda unateleza, unafika ndizi zimeshakuwa baridi kama mawe ya mtoni. Alikula kidogo, akasema ndaga, akanirudishia bakuli karibu limejaa. Hadithi hakutoa. Nilikaa naye nikitangaza na gunzi langu ili acheke, naye alinipapasa kichwa tu.

Akaanza kukonda. Na watu, sikiliza maajabu haya, watu wakasema, "Mnaona anavyokonda? Si tulisema?"

Aliyechoka kwanza alikuwa mama. Jioni moja alipika, akaifunga sufuria yote ikichemka ndani ya kitenge kizito, akajitwisha. Baba akamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Juu." Baba hajawahi kumwona mama akishika njia ile. Nikamfuata nimeshika mkia wa kanga yake. Ukungu ulikuwa umeshuka, matone yanadondoka kwenye majani ya chai, na mama anahema chini ya ule mzigo.

Tulipokaribia uwanja wa babu akasimama, palipo na ua wa matete. Akashusha sufuria. Akajitengeneza kanga. Halafu akakohoa.

Khoo. Khoo-khoo. Kimya kidogo. Hmmm.

Kilikuwa kikohozi cha babu, na kipimo chake cha kusubiri, kwa sauti ya mwanamke. Ndani ya nyumba kigoda kikasogea. Halafu nikasikia mlango wa nyuma ukilia bawaba, na hatua za fimbo zikizunguka kwenda nyuma ya nyumba. Babu alikuwa amempisha mama.

Mama akaingia uwanjani, akaweka sufuria barazani, akafunua kitenge, mvuke ukapanda. Akageuka kuondoka. Ndipo sauti ya babu ikatoka nyuma ya ukuta, nzito, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako ndizi zake nimezisikia harufu."

Sikuifikisha. Nilikuwa nalia. Mama mwenyewe akasema, akitazama mlima, "Mwanangu, mwambie babu yako sufuria hii ni nzito na mimi nimechoka. Mwambie akapime, aonekane mzima, watu wafunge midomo, arudi kula kwake. Mwambie mimi kikohozi chake nakijua, hakina ugonjwa. Lakini nikisema mimi nani ataniamini?"

Kule nyuma babu akajibu, "Mwambie nimesikia."

Kulipokucha babu alivaa koti lake la kanisani, akaenda zahanati na kikopo. Majibu yalichelewa, kisha yakaja: mzima. Nesi alikuja mwenyewe kutuambia, anakimbia na masweta yake, amefurahi kuliko sisi. Halafu akauliza kwa dhati, "Sasa, jamani, babu anakohoa nini?"

Bibi jirani alikuwepo, na babu hayupo. Akamkalisha nesi kwenye gogo, akamweleza yote, taratibu, kama unavyomweleza bibi harusi. Nesi alishika kichwa.

"Kumbe! Kwetu mimi nakula na baba mkwe mkeka mmoja. Akikohoa nampelekea maji! Bibi, kwa nini hamkuniambia?"

"Mwanangu," bibi jirani akasema, "na wewe ungetuambia kwanza kwamba hujui."

Alilia yule dada, na Jumapili akasimama kanisani, akasema mzee ni mzima, akamshika babu mkono mbele ya watu wote. Babu akatazama dari, masikini, binti wa rika la wakwe zake kamshika mkono madhabahuni. Lakini alikuwa anatabasamu.

Sitaki uondoke hapa ukilaani tangazo. Jirani yetu wa bondeni alilisikia hilohilo, akaenda, akakutwa anaumwa kweli, akatibiwa, na bado anachuma chai. Tangazo lilimwokoa yule, na lilimkondesha babu yangu. Maneno ni yaleyale, kikohozi ni kilekile. Aliyelitengeneza huko mjini angejuaje kwamba kuna mahali kukohoa ni adabu? Na sisi tungejuaje kwamba kuna mahali si adabu? Nimelifikiria hili nikishona hadi sindano ikanikatikia.

Babu alirudi kula kwetu. Kikombe chekundu kilitoweka. Lakini habari ya ugonjwa huja mbio, na habari ya uzima huja inachechemea. Wengine haijawafikia mpaka leo. Na kikohozi chenyewe hakikurudi kama kilivyokuwa. Alikohoa chinichini, ndani ya kiwiko cha mkono, kama lile bango la zahanati linavyoelekeza, na hmmm yake akaiacha kabisa. Mama ikabidi asogeze kigoda chake mlangoni mwa jiko, aache kuimba ilipofika jioni, atege sikio. Hakulalamika. Alimsubiri hivyo hadi babu alipotuacha.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Kaka ameoa, shemeji yangu ni msichana mzuri wa Mbeya mjini, mchangamfu, ananipenda. Baba akiingia, hasimami konani wala hakohoi; shemeji anamwambia "Shikamoo baba, karibu" bila kuinua macho kwenye simu, wanakaa sofa moja wanatazama taarifa ya habari, wanacheka pamoja. Sina ubaya na hilo. Ni upendo pia, ila una mlango wa mbele. Mama ameshakuwa mtu mzima na bado anapikia jiko la nje. Nilimwona, jua lilipoingia ndani ya ukungu, amenyamaza ghafla katikati ya wimbo, uso umegeukia migomba. Halafu akaendelea kukoroga.

Nikasema nakwenda kukata majani ya kufunikia ndizi. Nilipanda peke yangu hadi kwenye kona, nikasimama pale aliposimama yeye, udongo bado umebonyea. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikakohoa. Si ndani ya kiwiko. Kwa sauti, khoo, khoo-khoo, na hmmm yake yote. Kisha nikasubiri, kama alivyosubiri, ili aliye jikoni apate nafasi ya kuchukua kanga yake, ndipo nikashuka.